Rubani wa Kujaribu Ndege Si Mtu wa Kuchezea Roho Yake



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya kazi ninayoitamani. Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne twaulizwa na kila mtu tutafanya kazi gani. Mimi hujibu kwamba nataka kuwa rubani wa kujaribu ndege mpya. Bwenini wenzangu hucheka. Mjomba wangu, ambaye korosho zake ndizo zilizoninunulia sare na godoro, alinijibu kwamba hakunisomesha nikatafute kifo angani.

Naona wao wanafikiria kazi nyingine kabisa, kazi ya shujaa asiye na hofu anayepanda chombo asichokijua na kumwachia Mungu. Sivyo ilivyo. Mwaka 1950 ndege iitwayo Comet, ya kwanza duniani ya abiria kwenda kwa injini za jeti, ililetwa Afrika kujaribiwa: Khartoum kwa ajili ya joto, na Eastleigh, Nairobi, kwa ajili ya mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, mabawa hayapati nguvu upesi, injini nazo hudhoofika, basi ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Mbali kiasi gani? Hilo ndilo swali la rubani wa kujaribu. Huruka na uzito fulani, hupima, huandika. Huongeza uzito kidogo, hupima tena. Asiyependa hesabu angechoka siku ya kwanza.

Wazee wanaouliza kazi hii yatufaa nini sisi, na wakumbuke tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika 6. Watu 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia, Oktoba 2018. Ndani yake mlikuwa na mtambo uliosukuma pua ya ndege chini wenyewe, ukisadiki chombo kimoja tu cha kupimia, nacho kilidanganya. Mpaka ajali ile ya kwanza, marubani walio wengi hawakuwa wameelezwa kwamba mtambo huo upo. Kwa maoni yangu, palitakiwa mtu mwenye ulimi mzito wa kusema ndiyo, mtu wa kuuliza, “Chombo hiki kikidanganya, je?” na asipojibiwa akatae kutia sahihi, hata wakubwa wakasirike. Air Tanzania ilipokea MAX 9 yake ya kwanza mwaka 2023, mtambo ule ukiwa umekwisha kurekebishwa. Abiria ni sisi, lakini waliouliza na kujibu walikuwa watu wa mbali.

Wengine husema Tanzania haiundi ndege, basi nitajaribu nini? Hawana habari. Huko Morogoro kampuni ya Airplanes Africa Limited imeunganisha ndege ndogo za watu 2, ziitwazo Skyleader 600. Kila moja lazima awepo mtu wa kwanza kuirusha. Hata fundi baiskeli wa hapa Mnyambe akimaliza kufunga breki huipanda mwenyewe kwanza, ndipo humkabidhi mwenyewe.

Njia ni ndefu, sikatai. Mtu huwa kwanza rubani wa kawaida, kisha huenda chuo kama kile cha Boscombe Down, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1943, na wengi hupelekwa na majeshi yao. Lakini mlango wa kwanza uko hapa hapa, nao ni Fizikia. Wenzetu wengi waliiacha walipoingia Kidato cha Tatu, si kwa kushindwa, bali kwa kuambiwa tu kwamba ni ngumu. Sasa tumebaki 11. Wadogo zetu wa Kidato cha Pili watachagua masomo Januari. Kabla hawajachagua, namwomba mwalimu awape kipindi kimoja juu ya bawa la ndege, kwa kipande cha karatasi na pumzi ya kinywa, ndipo waamue.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne