Walioifikisha M-Pesa Kijijini Wana Kazi Nyingine

Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, tangazo lake lilimhimiza mfanyakazi wa mjini atume pesa nyumbani. Tangazo lilikuwa la kampuni, lakini somo lilitolewa na jamaa. Vijana wa Kibera, Kawangware na Kangemi waliwapigia mama zao simu wakawaelekeza: bonyeza hapa, weka nambari ya siri, usimwonyeshe mtu, kisha nenda kwa ajenti na kitambulisho. Mtafiti Olga Morawczynski alifuatilia safari ya pesa hizo kutoka Kibera hadi Bukura, kijiji cha wakulima huko Kakamega. Matokeo aliyochapisha pamoja na mwenzake mwaka 2009 yalionyesha kuwa mapato ya familia za kijijini zilizotumia huduma hiyo yalipanda kwa kati ya asilimia 5 na 30.

Somo lile halikungoja wizara.

Sasa kuna somo kubwa zaidi, la intaneti, na wanaoweza kulifundisha ni jamaa walewale wa mjini. Katika sensa ya 2019, asilimia 42.5 ya wakazi wa mijini walitumia intaneti. Mashambani walikuwa asilimia 13.7 tu. Wakati huohuo serikali imehamia mtandaoni kwa kasi. Mfumo wa eCitizen ulianza 2014, na kufikia katikati ya 2023 ulikuwa na huduma zaidi ya 5,000. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, na mkopo pia mtandaoni. Mkulima aliyesajiliwa hupokea ujumbe wa simu kuhusu mbolea ya ruzuku. Mzee asiyejua kuingia kwenye akaunti yake hulipa kijana wa saiba amjazie fomu, na mara nyingi humwachia nambari ya siri pia. Anayemiliki nambari hiyo anamiliki jina la mzee huyo mbele ya serikali, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Ujuzi wa kumwondoa mzee huyo katika hatari umejaa magharibi mwa Nairobi. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kilifunguliwa kando ya Barabara ya Ngong mwaka 2010. Mwaka uleule wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm ili mkulima apate bei ya soko kwa ujumbe mfupi kabla dalali hajafika shambani. AkiraChix, iliyozaliwa pia 2010, inawafundisha utaalamu wa kompyuta wasichana wanaotoka familia zisizo na uwezo. Kibera nako, taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wa jamii unaoziunganisha shule na vituo vya vijana.

Wala kijiji hakihitaji mitambo ya ajabu. Mwaka 2012 dunia ilisoma habari za Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, aliyetumia Twitter kuwaita raia pale wezi walipovamia boma usiku, au kondoo alipopotea. Wengi wa watu wake walikuwa na simu za kawaida na walipokea taarifa zake kama ujumbe mfupi. Nguvu ilikuwa kwa chifu aliyejifunza na majirani walioitika.

Vifaa bila mwalimu ni hasara. Mpango wa kuwapa watoto wa darasa la kwanza tabuleti ulioanza 2016 ulidhihirisha hilo: katika baadhi ya shule ziliishia kufungiwa kabatini. Serikali ya sasa imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, zote 1,450. Ahadi hiyo idaiwe bila kuchoka. Lakini kituo kikijengwa, nani ataketi kando ya mama anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza?

Wito huu basi ni kwa watu wa Kangemi, Kawangware, Uthiru, Dagoretti na Kilimani, na kwa wote wanaofungua maduka na ofisi katikati ya jiji. Karibu kila mmoja wao ana chama cha watu wa nyumbani kinachochanga wakati wa msiba na karo. Katika mkutano ujao wa chama, ajenda ya kwanza iwe hii: ukumbi gani kijijini una umeme na mlango unaofungwa, iwe ni shule, kanisa, msikiti au ofisi ya chifu? Mchango wa miezi michache utanunua kompyuta mbili au tatu zilizotumika kutoka maduka ya Moi Avenue. Wenye ujuzi wagawane likizo za Agosti na Desemba, na katika kila zamu wafunze vijana wawili wanaoishi palepale, ili mafunzo yasirudi Nairobi pamoja na mgeni. Waanze na mambo ya lazima: kulinda nambari ya siri, kumtambua tapeli, kufungua eCitizen, kuomba chuo, kuandika barua ya kazi.

Mhandisi wa Kilimani asiye na chama ajiunge na cha jirani yake, au atenge Jumamosi moja kwa mwezi kuwaandaa watakaosafiri. Mwenye duka la kompyuta apunguze bei kwa chama kinachokuja na barua ya mwalimu mkuu. Mabasi ya Kakamega na Busia hupita Waiyaki Way kila siku. Majina ya watakaoyapanda Desemba na kompyuta mkononi yaanze kuandikwa mwezi huu.