ZIWA MOJA, SHERIA TATU



Mwenzetu mmoja, mchukuzi wa magunia sokoni hapa Kehancha, aliuliza swali katika mkutano wa tawi. Alisema: "Kila mwaka mwezi wa Aprili ukifika, omena hupanda bei. Tunaambiwa ziwa limefungwa ili samaki wakue. Basi mbona magunia ya dagaa kutoka ng'ambo yaendelea kupita mgongoni mwangu? Ni ziwa gani lililofungwa?" Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Twataka kumjibu katika toleo hili, maana swali lake limegusa donda lenyewe.

Huenda wako watakaosema kwamba Kehancha iko mbali na ziwa, na kwamba mambo ya samaki tuwaachie watu wa Muhuru, Sori na Mbita. Hatukubali. Kitoweo cha mfanyakazi wa mji huu, siku nyama inapomshinda bei, ni omena. Omena wa Muhuru na Sori hutufikia kwa njia ya Migori, na dagaa wa Musoma hutufikia kwa njia ya Sirari na Isebania. Majina ni mawili, samaki ni yule yule. Waganda nao humwita mukene. Tena wazee wetu hawajasahau ningu, samaki aliyekuwa akiacha ziwa wakati wa mvua na kupanda mito kama Kuja, Migori na Mara ili kutaga mayai. Watu wa bara walimla bila hata kuliona ziwa. Leo ningu amebaki jina, na mtoto wa shule hamjui.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Katika kila sehemu 100 za maji hayo, 51 ziko Tanzania, 43 ziko Uganda, na 6 tu ziko Kenya. Mpaka umechorwa kwenye karatasi. Samaki hana kipande wala pasi. Sangara aliyezaliwa karibu na Mwanza aweza kunenepa katika maji ya Uganda na kuishia katika wavu wa mtu wa Homa Bay. Ikiwa nchi moja yamtunza akiwa mdogo na nyingine yamvua kabla hajazaa, kazi ya ile ya kwanza imekwenda bure.

Jambo hili si geni. Mwaka 1927 Serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu Michael Graham kuchunguza kwa nini ngege wamepungua tangu nyavu za kizungu zilipoingia. Alimaliza uchunguzi mwaka 1928, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Alishauri kwamba matundu ya wavu yasipungue inchi 5, na kwamba ziwa lote liangaliwe na mamlaka moja. Ilipita miaka karibu ishirini ndipo, mwaka 1947, ikaundwa idara moja ya uvuvi ya ziwa lote, na kituo cha utafiti kikawekwa Jinja. Lakini idara ile haikudumu. Kila nchi ilichukua upande wake, na katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ya inchi 5 ikaondolewa, nchi moja baada ya nyingine. Nyavu ndogo ziliingia, na ngege wa asili wakaangamia. Katika miaka hiyo hiyo sangara aliletwa kutoka maji mengine akatiwa ziwani. Aliwala fulu, ambao walikuwa wa aina mamia, hata aina nyingi zikatoweka kabisa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Kituo cha Jinja kikabaki cha Uganda, na Kenya na Tanzania zikaunda taasisi zao. Basi ikawa kwamba katika miaka ile ile sangara alipokuwa akijaza ziwa na viwanda vya minofu vikijengwa, wataalamu wa nchi tatu walikuwa wakihesabu kila mtu chumbani kwake. Mwenye nyumba moja hawezi kujua akiba ya ghala ikiwa kila mtoto ahesabu pembe yake na kuficha hesabu.

Nchi hizi zilirudi mezani tarehe 30 Juni 1994, zilipotia sahihi mjini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Makao yake yako Jinja, na leo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yafaa tuseme kweli: shirika hili limefanya kazi. Tangu mwaka 2000 wavuvi, mashua na nyavu za nchi zote tatu huhesabiwa kwa utaratibu mmoja. Hesabu ya kwanza ilikuta wavuvi zaidi ya 120,000. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wamepita 200,000. Tena meli ya utafiti hupita ikipeleka sauti chini ya maji na kupokea mwangwi wake, na kwa mwangwi huo wataalamu hukadiria wingi wa samaki. Bila kazi hii tungekuwa twabishana gizani.

Kwa hesabu hizo nchi zilikubaliana kwamba sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 asivuliwe, maana hajazaa, na kwamba aliyepita sentimita 85 aachwe, kwa sababu majike wakubwa ndio wenye mayai mengi. Hii ni akili ya mfugaji yeyote wa Kuria: huchinji ndama, na huchinji mtamba unaokuzalia kila mwaka. Lakini makubaliano ya mezani ni kitu kimoja, na utekelezaji ni kitu kingine. Mwaka huu nchi hii yakaza na ile yalegeza. Mwaka ujao ile yachoma nyavu na hii yafumba macho. Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018 kwa ukali mkubwa. Uganda ilikuwa imepeleka askari wa jeshi ziwani mwaka 2017. Kenya ina vikundi vya fukwe, vile viitwavyo BMU, ambavyo kanuni zake zilitoka mwaka 2007. Kila moja yaweza kuwa na sababu zake, lakini mvuvi anayevuka mstari asiouona hujikuta mwenye haki asubuhi na mhalifu jioni.

Twarudi kwa mwenzetu mchukuzi. Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili wazaane. Nia ni njema. Omena hukua upesi sana, na akipumzishwa kidogo hurudi kwa wingi. Lakini mapumziko hayo hayajawa sheria moja ya ziwa lote. Sisi watu wa chama twajua jina la jambo hili. Ni mgomo wa kiwanda kimoja huku viwanda viwili jirani vikiendelea kupiga kengele ya kazi. Wanaogoma hulala njaa, bidhaa huendelea kuingia sokoni, na tajiri hasikii lolote. Hatusemi Kenya iache kufunga. Twasema nchi tatu zifunge pamoja, kwa tarehe ambazo wataalamu wa nchi tatu wamezipima pamoja.

Hapa kuna jambo ambalo wakubwa hawalitaji katika hotuba zao. Ni nani anayelipa gharama ya miezi ile? Mwenye mashua ana mashua, na aweza kungoja. Lakini aliye ndani ya mashua ni kibarua. Mapato yakipatikana, mafuta na nyavu hukatwa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa, na yeye hupata fungu lake dogo. Ziwa likifungwa hana fungu. Mama anayeanika omena juani hana kazi, na mchukuzi wa soko hana mzigo. Samaki wanapokuwa haba, wanawake wanunuzi husukumwa mpaka wengine hudaiwa heshima yao kabla ya kupimiwa samaki, ile aibu iitwayo jaboya kando ya ziwa. Sheria inayomwambia mwenye njaa asile leo ili wote wale kesho ni sheria ya haki ikiwa kuna anayemfikiria leo. Isipokuwa hivyo, atavua usiku kwa wavu wa chandarua, na sisi hatutakuwa na uso wa kumlaumu.

Wako pia wasemao kwamba sheria za samaki ni za kuwapendeza wenye viwanda na walaji wa Ulaya. Hatukatai kwamba sangara bora wa ziwa letu huliwa mbali, wala kwamba omena wengi husagwa kuwa chakula cha kuku hali watoto wetu wamkosa. Haya ni mambo ya kupigania. Lakini samaki akiisha, kibarua ndiye wa kwanza kuumia. Viwanda kadhaa vya minofu upande wa Kenya vimekwisha funga milango kwa kukosa sangara, na waliokuwa wakikata minofu walirudi nyumbani mikono mitupu. Tukumbuke pia mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu wachache waliovua kwa sumu. Mlango ulifungwa kwa nchi zote tatu. Kosa la ufuko mmoja lilikuwa adhabu ya ziwa zima.

Na Migingo? Jiwe lile dogo, kubwa kidogo kuliko kiwanja cha nyumba, limegombaniwa tangu mwaka 2004. Mashua ikitoka hapo mwendo mfupi kuelekea magharibi imeingia maji ya Uganda. Watu wamepigwa na kunyang'anywa injini kwa ajili yake. Twauliza: siku samaki watakapokwisha, ni nani atakayelitaka jiwe lile?

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana mkosoaji mwema huanza na nyumba yake. Kehancha ina mkono wake katika jambo hili. Twalima mpaka ukingoni mwa mto, na mvua ikinyesha udongo wetu hushuka hadi ziwani. Twaosha pampu za dawa mtoni, hali mto huo ndio ziwa la kesho. Sokoni twanunua sangara wa urefu wa kiganja kwa sababu ni wa bei ndogo, kisha twashangaa kwamba wakubwa hawaonekani. Mnunuzi wa samaki mchanga na mvuvi wake ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo tawi letu linataka mambo manne.

Kwanza, Kenya, Uganda na Tanzania ziwe na kipimo kimoja cha wavu, kipimo kimoja cha samaki na majira mamoja ya kufunga, na sheria hizo zibandikwe kwenye kila ufuko kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji.

Pili, fedha za kuhesabu samaki zitolewe na Serikali zetu kila mwaka, bila kungojea wafadhili. Utafiti unaokoma mfadhili anapoondoka ni taa inayozimika katikati ya usiku.

Tatu, vibarua wa mashuani, wanawake wa omena na wachukuzi wapewe viti katika mikutano ya uvuvi. Hadi sasa wanaosikiwa zaidi ni wenye mashua na wenye viwanda. Tena uwekwe mfuko wa kuwasaidia wakati ziwa limefungwa.

Nne, mvuvi aliyevuka mpaka kwa bahati mbaya apelekwe mbele ya sheria, asipigwe wala kunyang'anywa chombo majini.

Nasi kwa upande wetu twawaomba wanachama wasinunue samaki wachanga, wasioshe pampu mtoni, na waache ukanda wa miti na majani kando ya maji. Tena twawaandikia wenzetu wa vyama vya wafanyakazi wa Musoma na wa Jinja barua yenye maneno haya haya. Serikali zikichelewa kukubaliana, wafanyakazi hawana sababu ya kuchelewa.

Jibu letu kwa mwenzetu mchukuzi ni hili: lililofungwa lilikuwa sehemu sita katika mia. Siku zile mia zote zitakapofungwa kwa siku moja na kufunguliwa kwa siku moja, mzigo wako utapungua kwa miezi michache, nasi tutadai usilale njaa miezi hiyo. Baada ya hapo utakuwa na mzigo wa kubeba mwaka hata mwaka, na mwanao pia akitaka.

Umoja ni nguvu.