Intaneti na Haki ya Jirani



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Suali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara, na wanaoliuliza zaidi ni mama zetu na dada zetu wa Mji wa Kale: je, yafaa mtu kutumia intaneti ya jirani yake bila ya jirani huyo kujua? Jawabu la kifiqhi ni fupi, nasi tutalitoa. Lakini nyuma ya suali hilo lipo jengine lililo zito zaidi. Imekuwaje katika mji huu, ambao ni mlango wa intaneti ya Afrika Mashariki, watu wenye heshima zao wafikie hadi ya kuvizia mawimbi ya ukuta wa pili?

Mombasa kupokea habari kutoka baharini si jambo geni. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi hapa. Mwaka 2009 ukaja mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Imarati, masafa ya kilomita 5,000 hivi. Na Julai ya mwaka huo huo mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Kabla ya hapo intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Ikafuatia EASSy mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, na mingine baada yake. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya Nairobi, na hata ya Kampala na Kigali, hupita katika maji ya pwani yetu. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga pasipostahili, ikaukata mkongo wa TEAMS, na watu wa mbali na bahari wakauhisi uzito wake.

Basi neema imefika ufukweni. Kilichobaki ni safari fupi ya kutoka ufukweni hadi chumbani kwa Bi Fulani wa Kibokoni au Kuze, na safari hiyo fupi ndiyo yenye gharama. Kampuni inapotandaza waya huhesabu nyumba zitakazolipa. Katika jengo jipya la ghorofa kumi, waya mmoja hupanda ngazi ukahudumia nyumba arubaini. Katika vichochoro vyetu hakuna pa kuchimba mtaro kwa urahisi, wala ukuta hauguswi ovyo, kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hilo tunaliunga mkono. Isitoshe, kuta za matumbawe na chokaa zinazotupa baridi wakati wa kaskazi ndizo hizo hizo zinazozuia mawimbi ya simu kuingia vyumba vya ndani. Ndipo utawaona watoto wamejazana barazani au juu ya sakafu, wakitafuta mahali simu itakaposhika.

Jamaa nyingi, kwa hivyo, huishi kwa vifurushi vya simu. Natupige hesabu. Tuseme mama mmoja hununua kifurushi cha shilingi 50 kila siku. Kwa siku 30 ametoa shilingi 1,500. Jirani yake wa mlango wa pili naye vivyo hivyo. Wawili hao wametoa shilingi 3,000 kwa mwezi, nazo ni takriban bei ya laini ya faiba ya nyumbani ya daraja la chini, inayotosha simu zote za nyumba bila ya kukatika saa sita za usiku. Ni kama sukari: mwenye uwezo hununua gunia, na asiye na uwezo hununua kwa kipimo, na mwisho wa mwezi ratili ya asiye nacho imemgharimu zaidi.

Na mzigo huu huwalemea wanawake kuliko wanaume. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Wakenya waliotumia intaneti, wa kuanzia miaka mitatu, walikuwa asilimia 22.6 tu, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume. Sababu tunazijua. Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni moja, nayo asubuhi huondoka mfukoni mwa baba. Mama anayeuza vileja na mahamri kwa maagizo ya simu humpoteza mteja kwa kuwa ujumbe umefika saa tatu baadaye. Binti anayeomba nafasi ya chuo, mjane anayetaka cheti, mzee anayetaka pasi ya kwenda Hija, wote huelekezwa mtandaoni. Asiye na intaneti humlipa kijana wa saiba, na pamoja na pesa humkabidhi nambari yake ya kitambulisho, neno lake la siri na mambo ya nyumba yake. Hili la siri huwa hatulitii katika hesabu, na kwa mwanamke wa Kiislamu lina uzito.

Sasa jawabu la suali. Mali ya mtu haiwi halali kwa mwengine ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na huduma iliyolipiwa ni mali. Kwa hivyo kuingia katika intaneti ya jirani kwa neno la siri lililochukuliwa kwa hila hakufai. Akikupa ruhusa mwenyewe, ni ihsani yake, nawe usiitumie kupita kiasi hata ukamzidi mwenye nyumba. Na yule anayetaka kuiuza laini yake kwa majirani asome kwanza mkataba wake, kwani mikataba mingi hukataza kuuza tena, na Muislamu hufungwa na sharti aliloliridhia.

Lakini dini yetu haikutuachia "usichukue" pekee. Imetufundisha namna ya kumpa asiye nacho. Mtume (s.a.w.) aliusiwa na Jibril juu ya jirani hata akadhani kuwa jirani atarithishwa. Na Waislamu walipohamia Madina wakasumbuka kwa maji, kisima cha Ruma kilikuwa na mwenyewe, na maji yake yakiuzwa. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, akawa naye ateka kama wanavyoteka wengine. Wazee wetu wa Mombasa waliifuata sunna hiyo, ndipo misikiti ya kale ikawa na visima na mabirika yaliyomnywesha kila mpita njia. Walikuwa na hakika kuwa jambo ambalo kila nyumba inalihitaji, na si kila nyumba inaliweza, hubebwa na mtaa.

Intaneti imekuwa jambo la namna hiyo, na njia ya kuibeba pamoja ipo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka leseni mahsusi kwa mitandao ya jamii, ili watu wa mtaa waweze kuendesha huduma yao wenyewe kwa mujibu wa sheria. Huko Kibera, Nairobi, mtandao wa TunapandaNET huunganisha skuli na vituo vya vijana kwa antena zilizowekwa juu ya majengo, na antena haihitaji mtaro. Kwetu sisi, nyumba za sakafu mbili na tatu zimekaribiana hata majirani husalimiana dirishani.

Nasaha yetu kwa kila mtaa ni mambo matatu.

Kwanza, tuanze na madrasa. Laini moja yenye kasi, iliyonunuliwa kwa jina la taasisi na kwa ruhusa ya kampuni, ifunguliwe kwa saa maalumu: mchana kwa akina mama na mabinti, alasiri kwa wanafunzi. Mwenye uwezo aitie wakfu au sadaka yenye kuendelea, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, kwani mali ya watu ni amana.

Pili, tukishazoea, kikundi cha mtaa kiombe leseni na kuzifikia nyumba. Kila nyumba ichange kwa uwezo wake, na asiyeweza abebwe bila ya kutajwa jina. Na akina mama wawemo katika kamati kwa rai zao na sahihi zao, si kwa kupika chai tu.

Tatu, tuidai haki yetu. Sheria huzitoza kampuni za mawasiliano sehemu ya mapato yao kwa Mfuko wa Huduma kwa Wote, nao umeelekezwa zaidi pale pasipo na mawimbi kabisa. Mji wa Kale una mawimbi, kwa hivyo katika ramani huonekana umeshiba. Serikali pia imeahidi vituo 25,000 vya waifai ya bure nchini. Wawakilishi wetu waulizwe: vingapi ni vya kisiwa hiki, na vitakaa wapi ambapo mwanamke ataweza kufika bila ya haya?

Wapo wazazi watakaosema, "Sheikh, mwatuletea fitina nyumbani." Khofu yao ni ya haki, wala hatuidharau. Lakini natuwe wakweli: fitina haikungoja faiba. Imeshaingia kwa vifurushi vya shilingi kumi, usiku, chini ya shuka, pasipo na mtu wa kuiona. Laini ya pamoja inaweza kuwekewa kizuizi cha machafu na saa ya kufungwa, na mtoto akakaa ukumbini mbele ya mamake. Uhaba haujamlinda mtoto wa maskini na mabaya. Umemnyima mazuri tu. Malezi yabaki kuwa kazi yetu, kukiwa na intaneti na kusipokuwa nayo.

Basi jioni hii, kabla ya kununua kifurushi, tubisheni hodi mlango wa pili tumuulize jirani yeye hutoa ngapi kwa mwezi. Mazungumzo ya mtaa yaanzie hapo.

Tunamuomba Allah azitie baraka nyumba zetu, atulindie watoto wetu, na atujaalie kuwa majirani wa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.