Neno la Mhariri: Kiwanja Kisicho na Mwenyewe

Mei 2016, mjini Bungoma, helikopta iliyoleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma ilipaa kutoka kiwanjani na mtu akining'inia kwenye chuma chake cha kutulia. Alipitishwa juu ya mapaa ya mji, umati ukimfuata mbio chini na simu zikirekodi, hadi alipoanguka. Aliumia, akapona. Nchi ilicheka na kumbandika jina la James Bond. Swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza ni hili: siku ile, kiwanja kile kilikuwa chini ya nani?

Toleo hili linahusu helikopta, na tumeamua kulifungulia ardhini.

Uzuri wa helikopta ni kwamba haihitaji uwanja wa ndege. Hatari yake imo humohumo. Uwanja wa ndege una ua, gari la zimamoto na mtu mnarani wa kusema "ngoja". Kiwanja cha shule kina magoli mawili, mbuzi wa jirani na watoto waliotoka darasani kuja kushangaa. Kwa dakika chache za kutua na kupaa, nacho ni uwanja wa ndege, ila hakina mwenyewe. Rubani hudhani mwenyeji amepanga ulinzi. Mwenyeji hudhani rubani anajua kazi yake. Askari wamekuja kumlinda mheshimiwa. Mkia wa chombo haulindwi na mtu. Na panga la mkia huzunguka kwa kasi hata jicho lisilione, tena nyuma ya rubani, asikoweza kuona.

Kupaa kwenyewe kuna mtego. Chuma kimoja kikinasa topeni, au kwenye kamba iliyosahauliwa kufunguliwa, helikopta haiinuki sawasawa. Huegemea pale iliponasa na kuanza kulala upande. Silika humtuma rubani aongeze nguvu ajinasue. Akiongeza, nguvu ileile ndiyo inayoipindua. Dawa ni kuirudisha chini mapema, maana ikishapita pembe fulani hakuna ujanja. Sasa fikiria uzito wa mtu mzima ukining'inia upande mmoja. Bungoma tulicheka kwa sababu tulibahatika.

Wapo watakaosema kosa ni la umati wetu usiosikia. Basi twende New York, 16 Mei 1977, juu ya paa la jengo la Pan Am lenye ghorofa 59. Hapakuwa na umati wala tope. Helikopta aina ya Sikorsky S-61 ilikuwa imetua na abiria wanapanda, mapanga yakiendelea kuzunguka. Mguu mmoja wa kutulia, uliochoka chuma, ukavunjika. Chombo kikalala ubavu, mapanga yakaua watu wanne pale paani, na kipande cha panga kikaporomoka hadi barabarani kikamuua mpita njia. Kituo hicho cha helikopta kikafungwa moja kwa moja. Mapanga yangekuwa yamesimama, ingekuwa habari ya chuma kilichovunjika tu.

Tunachodai si kikubwa. Kila mahali helikopta inapotua, pawe na mtu mmoja aliyefunzwa, anayejulikana kwa jina kabla haijafika, mwenye mamlaka ya kuizuia isipae hata kama mheshimiwa amechelewa. Abiria wasishuke wala kupanda mpaka mapanga yasimame. Na rubani anayekataa kuruka kwa sababu watu wamesogea asiitwe mwoga, wala asinyimwe safari ya kesho.

Msimu wa siasa ukifika, chopa zitashuka tena viwanjani. Ukiwa pale, usihangaike kumtafuta mheshimiwa kwanza. Mtafute yule aliyesimama upande wa mkia, ameupa mgongo, macho yake kwa watu. Usipomwona, rudi nyuma, na umshike mtoto wako mkono.