Tamko kuhusu Kinga ya Mwili ya Wagonjwa wa Sirosisi Itokanayo na Homa ya Ini B

Sisi madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara tunaohudumia wagonjwa wa ini tunatoa tamko hili kwa sababu wagonjwa wetu wenye sirosisi wanakufa kwa maambukizi yanayotibika, na baadhi yao hufika hospitali bila joto la mwili kupanda hata kidogo.

Virusi vya homa ya ini B haviliharibu ini moja kwa moja. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga ya mwili yenyewe inapovisaka ndani ya seli za ini. Msako huo ukidumu kwa miongo, seli T zenye kazi ya kuua seli zilizoambukizwa huchoka: zipo, lakini zimejaa vizuizi kama PD-1 na hazishambulii tena. Ini likishajaa makovu, yaani sirosisi, mambo huzidi kuharibika. Damu hushindwa kupita humo kwa urahisi, wengu huvimba, na wengu uliovimba hushikilia seli nyeupe na chembe sahani. Seli za Kupffer, ambazo huchuja bakteria wanaotoka utumboni, hupitwa pembeni na damu iliyotafuta njia nyingine. Protini za kinga ambazo ini lilikuwa likizitengeneza nazo hupungua. Mgonjwa hubaki na kinga inayowaka kila siku bila kumlinda.

Hapo ndipo karatasi ya maabara inapoweza kutupotosha. Chukua mgonjwa ambaye seli zake nyeupe, kwa sababu ya wengu, huwa 2,500. Leo zimesomeka 7,000. Karatasi itaonyesha kiwango cha kawaida, ilhali zimepanda karibu mara tatu. Mkewe anaeleza kwamba tangu jana anachanganya majina ya watoto. Maneno ya mama huyo yana uzito zaidi kuliko kipimajoto, na tunawasihi wenzetu wayasikilize.

Kwa hiyo tunataka kila mgonjwa wa sirosisi mwenye maji tumboni anayelazwa apimwe maji hayo kama yana maambukizi siku hiyo hiyo, hata kama halalamiki maumivu. Nyutrofili zikifika 250 kwa kila milimita ya ujazo, aanzishiwe antibiotiki bila kusubiri majibu ya kuotesha vimelea. Sampuli ya kuotesha iingizwe kwenye chupa za damu palepale kitandani.

Tunataka pia kila mwenye sirosisi ya homa ya ini B apewe dawa ya kuzuia virusi, bila kujali wingi wa virusi vyake. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa tenofovir, mojawapo ya dawa hizo, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena baada ya miaka mitano ya matibabu. Wagonjwa na ndugu zao tunawaomba jambo moja: msiiache dawa kwa sababu mnajisikia nafuu. Virusi vinaweza kulipuka upya, na ini lenye makovu halina akiba ya kuhimili mlipuko huo.

Katika nchi nyingi za Afrika, tenofovir hutolewa bure kwa mwenye VVU, ilhali mwenye homa ya ini B pekee huinunua. Dawa ni ile ile. Hatuoni hoja yoyote ya kitabibu inayohalalisha tofauti hiyo, na tunaziomba wizara za afya ziiondoe kwenye bajeti ijayo.

Kwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wanaishi na maambukizi ya kudumu ya homa ya ini B, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yalikuwa katika Kanda ya Afrika. Katika kanda hiyo, ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata chanjo ya kuzaliwa. Chanjo ya wiki ya sita haitoshi kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa. Tunataka dozi ya saa 24 za kwanza iwekwe kwenye friji ya kila wodi ya wazazi, na mkunga aliye zamu aruhusiwe kuitoa usiku na siku za sikukuu.