Jina la filamu linavyouza, na funzo lake kwa mkulima wa Karatu

KATIKA mji wa Karatu, magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro hupishana na malori yaliyosheheni vitunguu kutoka Mang'ola. Mtalii aliyemo garini alilijua jina la Serengeti au Ngorongoro akiwa bado kwao. Mlaji wa kitunguu hicho jijini Nairobi, kwa upande wake, anaweza kukila miaka yote bila kujua kwamba kuna mahali panaitwa Mang'ola.

Tofauti hiyo ina sababu nyingi. Mojawapo, ambayo wafanyabiashara wengi hawaifikirii, ni majina ya filamu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya filamu msemo huo hautoshi, kwa sababu mteja hulipa kiingilio kabla ya kuiona bidhaa. Hawezi kuionja wala kuibonyeza kama parachichi. Alicho nacho ni jina na picha ya tangazo. Wenye vibanda vya video walilijua hilo vizuri. Ubao wa chaki mlangoni ulikuwa na jina la filamu na saa ya kuanza, na jina ndilo lililojaza mabenchi.

Neno moja la Kiswahili

Mfano wa karibu ni filamu ya Hatari!, iliyotolewa na kampuni ya Paramount ya Marekani mwaka 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru. Iliongozwa na Howard Hawks, nyota wake akiwa John Wayne, na ilipigwa kaskazini mwa nchi. Inasimulia habari za wakamataji wa wanyamapori kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo.

Jina hilo lina mambo matatu ambayo mfanyabiashara yeyote angependa kuwa nayo. Kwanza ni fupi, na kila silabi yake inaishia na irabu, hivyo Mjerumani na Mfaransa hulitamka bila kufundishwa. Ndiyo maana halikutafsiriwa filamu ilipouzwa Ulaya. Pili, linaahidi kile ambacho mtazamaji atakikuta ndani. Tatu, ni geni kwa mnunuzi wa huko, kwa hiyo linamfanya aulize maana yake.

Kwa Mtanzania neno hilo ni la kawaida, huliona kwenye nguzo za umeme likiwa na picha ya fuvu. Mgeni ndiye aliyeona thamani yake sokoni. Hata baada ya filamu kwisha jina liliendelea kufanya kazi: mmoja wa waigizaji, Hardy Krüger, alinunua shamba la Momella chini ya Mlima Meru, na hoteli iliyokuja kufunguliwa hapo ikaitwa Hatari Lodge.

Jina lenye kudai

Filamu ya pili inahusu Ngorongoro moja kwa moja. Mwaka 1959, Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu ambayo jina lake la Kijerumani lina maana ya "Serengeti haipaswi kufa". Mwanawe, Michael, alifariki Januari 1959 wakati kazi ikiendelea, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako baba yake naye alizikwa baadaye. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Jina hilo halikueleza tu kilichomo. Liliweka mahali na kifo katika sentensi moja, likamdai mtazamaji achukue hatua. Fedha nyingi za uhifadhi zilichangwa Ulaya kutokana na mwito wa aina hiyo.

Hata hivyo, jina huonyesha kitu na kuficha kingine. Mwaka huohuo wa 1959 wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walitakiwa kuhamia eneo la Ngorongoro, lililotengwa ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Jina la filamu lilitaja Serengeti peke yake, watu hawamo. Mjadala kuhusu nafasi ya wafugaji haujafungwa hadi leo, na tangu Juni 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Ni wazi kwamba anayekipa kitu jina huamua pia watu wa mbali watakionaje.

Wafanyabiashara wa samaki wa Mwanza waliuonja upande mchungu wa jambo hilo. Filamu ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Ziwa Victoria iliitwa kwa Kiingereza "jinamizi la Darwin". Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006, akisema inaipaka nchi matope. Cha kujifunza ni kwamba jina la mtengenezaji halikushika mitaani. Wananchi waliiita filamu ya "mapanki", yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Jina likishindwa kusema na watu, watu hutunga la kwao.

Nani mwenye jina?

Suala jingine ni umiliki. Filamu ya katuni ya mwaka 1994 kuhusu mfalme simba ilitumia maneno "hakuna matata", na mwaka 2003 kampuni ya Disney ilipata usajili wa alama hiyo ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 malalamiko yalisambaa Afrika Mashariki. Usajili huo haumzuii mtu wa Karatu kuyatamka maneno hayo, lakini anayetaka kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani anaweza kukutana na mwanasheria.

Hapa ndipo mkulima anapoguswa. Vitunguu vya Mang'ola vina sifa miongoni mwa madalali hadi Kenya, lakini sifa hiyo iko mdomoni. Vinaondoka shambani vikiwa vimefungwa lumbesa, gunia halina jina wala anwani, na vikifika sokoni huchanganywa na vingine. Kahawa inayolimwa Karatu na Oldeani, kwenye miteremko ya msitu wa Ngorongoro, nayo kwa sehemu kubwa huuzwa ikiwa mbichi, na anayeikaanga na kuipa jina kwenye pakiti ni mtu mwingine.

Chama cha ushirika au kikundi cha wakulima kinaweza kuanza kidogo kidogo: gunia la kipimo halali, lenye jina fupi ambalo dalali wa Namanga atalitamka kwa urahisi. Alama husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo hutoa ulinzi wa miaka saba na kuhuishwa baadaye. Kusajili jina la kampuni peke yake hakutoshi, hayo ni mambo mawili tofauti. Aidha, jina la mahali tupu ni vigumu mtu mmoja kulimiliki, hivyo ni busara kuliongezea neno au picha ya kikundi chenyewe.

Hata hivyo jina halitaokoa bidhaa mbovu. Filamu yenye jina zuri na hadithi duni hujaza ukumbi siku ya kwanza, kisha watazamaji huambiana. Kitunguu kilichong'olewa kabla ya kukomaa ili kuwahi bei nacho huoza njiani, na likishaandikwa jina kwenye gunia, mnunuzi atajua wa kumlaumu. Kikundi kinachotaka kujipa jina kianze kwa kukubaliana ni kitunguu gani hakitaingia kwenye gunia hilo.