Nani Anunue Glavu za Mhudumu wa Kujitolea?

Katika vigango vyetu vya Mbeya na Iringa wako waamini ambao, pasipo mshahara, huwahudumia wagonjwa majumbani. Huwaogesha, husafisha vidonda, hufua mashuka. Je, ni haki wajinunulie glavu, sabuni na barakoa? Twasema si haki. Amtumaye mtu penye hatari ndiye apaswaye kumkinga.

Katika Nyanda za Juu Kusini uzito wa jambo hili haufichiki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulionyesha kwamba katika mikoa yetu yote miwili, zaidi ya watu wazima 13 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wastani wa nchi ulikuwa 7. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi walifia mikononi mwa jamaa na majirani, na wako waliowauguza wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki kwa kukosa glavu. Dawa zimeokoa wengi, lakini utafiti wa mwaka 2022-23 bado ulikuta asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya.

Hatusemi haya ili mgonjwa aogopwe. Virusi hivyo haviambukizwi kwa kumsalimu wala kula naye. Kinga yahitajika penye damu na usaha, na penye kifua kikuu kinachoenea kwa hewa. Tena glavu hutumika mara moja ikatupwa. Gharama yake haina mwisho.

Wako wasemao kwamba kujitolea ni pamoja na mali, kwani Msamaria Mwema alitumia mafuta na divai yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini alipomkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, alitoa dinari mbili na kuahidi kulipa gharama itakayozidi. Hakumtwika mzigo yule aliyemwomba huduma. Parokia imtumayo mhudumu imesimama mahali pa Msamaria huyo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kinga. Je, damu ya asiyelipwa ina thamani pungufu? Mama anayeishi kwa shamba dogo la viazi, akilazimika kuchagua kati ya glavu na daftari la mtoto, atanunua daftari, kisha atakwenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Au ataacha, na huduma ibaki kwa wenye nacho.

Wengine wahofia kwamba vifaa vya bure huzoesha watu kungoja wafadhili, na mradi ukiisha maboksi nayo huisha. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana hatusemi tungoje. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge debe la mahindi au la viazi baada ya mavuno. Halmashauri ya Walei iuze, inunue, na iandike katika daftari kilichoingia na kilichotoka. Viatu na mwamvuli mhudumu aweza kuja navyo. Wajibu wake ni kutumia kinga ipasavyo na kutoa taarifa kabla haijaisha.

Viongozi wapendwa, kabla ya kumwita mtu mwingine ajitolee, tutazame kwanza kabati la parokia lina nini.